Sauti Zinazopita Mlangoni: Shajara ya Mradi, Wiki ya Mwisho ya Agosti

Jumatatu

Hali ya mradi: ramani ipo, vidoti bado vichache, na karibu vyote vimerundikana upande mmoja wa Barabara ya Morogoro, upande ninaolala mimi. Kwa anayeikuta shajara hii katikati ya safari, ninakusanya sauti ambazo wachuuzi wa Dar es Salaam hutangazia biashara bila kutamka neno. Muuza kahawa hugonganisha vikombe. Fundi cherehani anayezunguka na mashine begani huchezesha mkasi hewani, unakata upepo. Kijana wa rangi za kucha hugonganisha vichupa. Muuza sigara, pipi na karanga hutikisa sarafu kiganjani. Kila sauti naiweka kwenye ramani pale iliponipitia, na saa yake.

Wiki hii kuna sharti jipya: kutafuta marufuku. Nitaishi wiki yangu kama zilivyo wiki nyingine, kazini na kurudi, kwa dada, sokoni, kwa kinyozi, na nitarekodi kile kitakachonikuta. Biashara yenyewe ndivyo ilivyo. Hakuna anayetoka nyumbani kwenda kumtafuta mpaka rangi kucha. Unakuwa umekaa kibarazani, vichupa vinalia, unatazama miguu yako, unaita.

Saa kumi na mbili asubuhi, Magomeni. Kunguru wamejaa kwenye kila faili la alfajiri nililonalo. Hawa wenye shingo ya kijivu walitoka India, wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na bara wakaja bila kuitwa. Nilikuwa nafikiria kuwachuja kwa programu. Nimeghairi, wabaki. Ramani ya asubuhi ya Dar isiyo na kunguru itakuwa ramani ya mji mwingine.

Chini ya kelele zao kuna sauti niliyoingojea: mama wa vitumbua anaanza. Uji wa mchele ukigusa mafuta ya moto kwenye chuma, unalia mara moja kwa nguvu halafu unatulia, kisha shimo la pili, la tatu, mpaka chuma kizima kinaimba. Mama hagongi kitu wala haiti mtu. Kwa masharti ya mradi hii si tangazo, ni mapishi tu. Lakini nimemwona jirani yangu akifungua dirisha kwa sababu ya sauti hiyo, akatoa mkono wenye noti kabla hata hajatoa kichwa. Nimempa mama kidoti chake.

Mchana hakuna cha kuandika. Jioni, nikiwa nashuka kituo cha Mapipa, mkasi. Fundi alikuwa ng'ambo, cherehani begani, anatembea upande wa kivuli. Nikamsalimia, nikamwonyesha simu, nikamwomba.

"Unarekodi ya nini, kaka? Wewe ni wa jiji?"

Nimeshalizoea swali hili na sina sababu ya kulichukia. Tangu machinga walipoondolewa barabarani mwaka 2021, mtu mwenye simu iliyoelekezwa kwako si jambo la kuchekea. Nikamsikilizisha nilizonazo. Mkasi wa fundi mwingine ulipofika, akasimama kabisa, akashusha mashine.

"Huyu mkasi wake butu."

Akanipa ruhusa, kwa sharti kwamba wake usikike vizuri kuliko ule.

Jumanne

Kidogo kuhusu vifaa, kwa sababu nimeulizwa. Simu za kawaida hurekodi kwa kudhani unataka sauti ya mtu anayeongea. Programu ya kurekodi iliyokuja na simu hupunguza kila kinachoonekana ni kelele, na kwa akili yake mlio wa vikombe ni kelele. Unachobaki nacho ni kitu kama kijiko kilichofungwa kwenye soksi. Mlio wa kauri na wa sarafu unaishi kwenye masafa ya juu, na huko ndiko faili linapofinywa kwanza. Kwa hiyo natumia programu inayohifadhi WAV, aina ya faili inayobeba sauti bila kuifinya, na maikrofoni ndogo ya waya iliyovishwa sponji. Sponji ni ya lazima miezi hii. Kusi inavuma toka baharini na ukisimama uwanja mtupu kama Jangwani, faili lote ni upepo.

Leo nilikwenda kumwona dada Ilala, na hapo ndipo nikakutana tena na konda. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ulipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia yake ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo mtu wa kwenda na kurudi Posta kama mimi anaweza kumaliza mwezi bila kudaiwa nauli na mkono wa mtu. Kwenye mwendokasi unalipa kabla hujapanda, unapita getini, basi. Ni haraka, ni vizuri, silalamiki. Ila hakuna sauti ya pesa ndani yake.

Barabara ya Kawawa bado inayo. Konda hasemi "naomba nauli." Anasimama nyuma ya bega lako, sarafu kiganjani, anazirusha juu kidogo tu: chwa, chwa. Abiria wote mnajua anaongea na nani, hata mkiwa mmefumba macho. Dada mmoja dirishani alikuwa amezama kwenye simu. Chwa. Hakugeuka. Chwa-chwa, karibu zaidi na sikio. Mkono ukatoka na noti ya elfu moja bila macho kuondoka kwenye simu, chenji ikarudi, mkono ukafunga. Hakuna neno lililosemwa na biashara imekwisha.

Usiku nikaweka faili la konda sambamba na la muuza sigara wa pale kituoni. Sarafu zile zile. Zilizo mikononi mwa watu ni za hamsini, mia, mia mbili na ile ya mia tano iliyotoka mwaka 2014, na kwa sikio langu kinachozitofautisha rekodi hizi si madini bali mwendo. Muuza sigara anatembea, sarafu zinafuata miguu yake, zinajirudia sawasawa. Konda anatikisa mara moja au mbili kisha ananyamaza na kungoja, maana ukimya wake ndio unaodai. Nimemchezea dada bila kumwambia ni zipi, kwa simu. Kajibu papo hapo: "Huyo wa kwanza konda huyo, nimeshika pochi."

Jumatano

Baada ya kazi nikapita Feri kununua samaki. Kusi ikiwa kali, mashua nyingi hazitoki na bei zinakuwa za kuuliza kwa upole. Nilikuta changu wadogo, vibua, na pweza mmoja ambaye wateja walikuwa wamemzunguka kumtazama tu.

Soko hili lilifunguliwa mwaka 2002, likajengwa kwa msaada wa Japani, na wanaolitumia wamegawana maeneo kwa kazi: huku mnada, huku wa kupaa samaki, huku wakaangaji. Ukifumba macho unajua ulipo. Kwa wapaaji ni mkwaruzo wa kisu dhidi ya magamba, mfupi mfupi, mikono mingi kwa pamoja. Kwa wakaangaji ni kuni zinazopasuka na makarai mapana yanayonguruma. Mnada wa maana ni asubuhi na nilishauchelewa, lakini kulikuwa na dalali mmoja anamalizia mafungu ya mwisho. Anataja bei kwa kasi mpaka namba zinapoteza herufi zake, na biashara ikishika anapiga meza kwa kiganja, pa! Nikajiuliza kama anaruhusiwa kwenye mradi, kwa kuwa anasema maneno. Nimeamua: mdomo wake nje, kiganja chake ndani.

Fungu la vibua. Mpaaji aliniuliza nataka kichwa kibaki au kiondoke kwa kunyanyua kisu na nyusi. Nikatikisa kichwa. Akakibakiza.

Pantoni ikapiga honi ikiwa inakaribia upande wa Magogoni, na umati uliokuwa umekaa ukasimama wote kabla honi haijaisha. Sikuirekodi. Mfuko wa samaki ulikuwa unavuja.

Alhamisi

Siku kuu ya wiki, ingawa sikuipanga.

Kijiwe cha kahawa ninachokwenda kiko nyuma ya nyumba za zamani, chini ya mwarobaini, benchi mbili zinazotazamana. Mzee hupika mwenyewe. Buni anazikaanga nyumbani, anazitwanga kwa kinu mchana, na alasiri anafika na dele, jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia na sahani ya kashata za karanga. Kahawa ni chungu, haina sukari, ina tangawizi. Utamu unautafuta kwenye kashata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kimashine umekuja nacho?"

Nilikuwa nimemwahidi kumsikilizisha. Nikamvalisha spika za masikioni, nikampa rekodi za wauza kahawa mbalimbali bila kumtajia nani ni nani wala wapi. Wale wa benchi wakaacha habari za usajili wa Simba na Yanga, jambo ambalo peke yake lilistahili kurekodiwa.

Ya kwanza: "Huyu anatembea. Unasikia? Anayetembea hugonga kwa mguu. Mguu ukishuka, kikombe kinalia. Mimi nimekaa, nagonga nikimwona mtu anasita."

Ya pili: "Huyu vikombe vyake vipya. Vyote vinasema mamoja. Amenunua seti."

Ya tatu akaisikiliza kwa muda, akaomba irudiwe. "Huyu yupo karibu na ukuta."

Alikuwa karibu na ukuta kweli, kwenye kichochoro cha Mwembechai, na ukuta umo kwenye rekodi kama mwangwi mdogo nisiouona mpaka nilipokuza mchoro wa sauti kwenye kompyuta.

Ya nne akacheka kabla haijafika mbali. "Mimi huyo."

Nikamuuliza amejuaje. Akaingiza mkono ndooni, akatoa vikombe viwili, akavigonganisha. Kimoja kina mlio mwembamba. Kingine kina ufa unaoanzia kwenye mdomo na kushuka nusu, na sauti yake ni nzito, kama ina mafua. Hicho chenye ufa hampi mteja. Hakitiwi kahawa kabisa. Kazi yake ni kugongwa.

"Huyu akivunjika," akasema, "watu wangu watadhani nimeuza kijiwe."

"Mzee unajisifia vikombe," jamaa mmoja wa benchi ya pili akadakia, "kahawa yenyewe leo nyepesi."

"Nyepesi, na umekunywa vingapi?"

Mabishano yakahama, yakawa ya idadi ya vikombe, na kwa kuwa mzee hesabu anaiweka kichwani na mteja anaiweka anapotaka, yalichukua muda. Nimeyarekodi yote. Hayafai kwenye ramani, lakini siyafuti.

Kabla sijaondoka nikamuuliza alianza lini. Hakutaja mwaka. Alisema alijifunza kwa mtu aliyekuwa anauza karibu na nyumba iliyokuwa na redio, enzi ambazo redio ilikuwa ya mtaa mzima, watu wanakuja kusikiliza taarifa ya habari na ngoma zake za mwanzo, na mwenye dele alihakikisha yuko pale ngoma zinapolia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, kwa hiyo huyo mwalimu wake huenda aliwaona wasikilizaji wa mwanzo kabisa. Mzee anasema taarifa ya habari ilikuwa na adabu yake: hakuna kugonga vikombe mpaka iishe. Mteja anaonyesha kidole, anamiminiwa.

Nilirudi nyumbani nikabadilisha muundo wa mradi. Mpaka jana kila kidoti kilikuwa na aina ya biashara tu: kahawa, kucha, nguo. Kuanzia leo kina sehemu ya pili, anatembea au amekaa, na ya tatu, ambayo bado sijaipa jina zuri, ya kuandika kitu ambacho chombo hicho peke yake kinacho. Ufa. Mkasi butu. Sarafu nyingi kupita kiasi.

Ijumaa

Umeme ulikatika saa mbili usiku na kurudi kabla ya saa nne. Sauti ya wiki nzima, kwangu, ni ile ya kurudi kwake. Haiuzi chochote, haina nafasi kwenye mradi. Watoto wa nyumba ya jirani waliianza, "Weeeee!", ikapokelewa na nyumba ya pili, ikavuka barabara, ikaenda mpaka sijui wapi, na nyuma yake mafriji yanaanza kunguruma na televisheni zinaendelea na sentensi zilizokatishwa. Nilikuwa na maikrofoni mezani kwa bahati.

Mtu anaweza kusema ni afadhali usikatike kabisa. Ni kweli. Nimeihifadhi hata hivyo.

Jumamosi

Kwa kinyozi. Spika ukutani, singeli kwa kasi ile yake ambayo moyo hauifikii, muziki uliozaliwa mitaa ya jirani huko Manzese na Tandale na sasa hauna mtaa usioufika. Kinyozi wangu ana tabia ya kugonga kitana kwenye mashine ya kunyolea kufuata mdundo, na kwa sababu mdundo ni wa haraka mno anapiga nusu yake. Ukikaa kitini na mashine ikiwa karibu na sikio, hilo unalifuatilia kwa makini.

Nikiwa kitini, matarumbeta. Jumamosi bila matarumbeta Dar haijatimia. Msafara wa harusi ulitokea upande wa Magomeni Kagera, mbele kirikuu, kile kigari cha mizigo, imebeba bendi nzima nyuma, wapulizaji wamesimama wameshikana mabega, mpiga video ametoa nusu ya mwili dirishani kwenye gari linalofuata. Kinyozi akazima singeli. Akazima kweli, kwa heshima. Tukasikiliza tarumbeta zikija, sauti ikiwa juu, na zilipotupita ikashuka kidogo, nzima nzima, kama wote wameambiwa wahamie noti ya chini kwa pamoja. Ni fizikia ya kidato, mawimbi yanabanwa chombo kikija na kunyooka kikiondoka, lakini nilipoisoma darasani mfano ulikuwa wa king'ora cha gari la wagonjwa, na hakuna aliyetuambia kwamba tunayo kila wikiendi ikiwa na maharusi ndani.

Alasiri mpira wa Uingereza, kibanda umiza. Sikuingia. Nilikaa nje kwa muuza machungwa, maana machungwa ya Muheza bado yapo na bei yake haijapanda. Muuza machungwa ni tatizo kwangu. Hana sauti. Kisu chake kinazungusha ganda jembamba kwa mzunguko mmoja usiokatika, kinaacha weupe kama ulivyo, na hata nikiweka maikrofoni karibu na kidole chake ninachopata ni hewa. Anauza kwa macho: machungwa yaliyomenywa yamepangwa kwenye toroli kwa ngazi, ya juu yanang'aa. Nimekula, nimeendelea na kazi.

Kazi ilikuwa goli. Kibanda kinapokea kwa dishi, kwa hiyo kilipiga kelele kwanza. Halafu kimya kidogo. Halafu saluni ya kike ng'ambo, wao walikuwa wanatazama kwa simu. Halafu, tumeshasahau, kijana mmoja peke yake juu ghorofani, ambaye bila shaka intaneti yake ni ya kubahatisha: "Gooooo!" Mtaa mzima ukamcheka. Faili zuri kuliko yote ya wiki, na kama la umeme, halina biashara ndani yake. Naona nitafungua ramani ya pili.

Jumapili

Siku ya kukata na kupanga. Nafanya kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti: nakata mwanzo na mwisho, naacha sekunde chache za mtaa mtupu kabla ya mlio ili msikilizaji ajue ametokea wapi. Sisawazishi ukubwa wa sauti. Kama muuza kahawa alipita mbali, na asikike mbali.

Ramani ya chini ni ya OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watumiaji wenyewe, na kwa Dar ni tajiri kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo, kwenye kata zinazofurika, wakachora nyumba, mifereji na vichochoro kwa sababu mafuriko yalihitaji ramani. Ndiyo maana leo naweza kuweka vikombe kwenye kichochoro chenyewe badala ya kuviweka barabara kuu. Mto Msimbazi ukijaa, mistari hiyo hiyo inaonyesha maji yanapita wapi.

Nilipokuwa naweka vidoti vya wiki nikaona pengo jeupe: Magomeni Kota. Hapo zamani palikuwa na nyumba za chini, sasa kuna maghorofa yaliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644. Sharti la kutokutafuta lilikuwa limekwisha na juma lake, nikatembea kwenda kusikiliza. Sarafu hazipandi ghorofa ya tano. Mkasi unapanda kidogo na kurudi kwa mwangwi kati ya jengo na jengo, kiasi kwamba huwezi kujua fundi yuko upande gani. Kijana wa kucha niliyemkuta chini amesuluhisha kwa namna yake: vichupa anagonga kwa mazoea tu, wateja wa juu wana namba yake. Wanampigia, anapanda.

"Sasa kwa nini bado unagonga?"

"Kaka, nikinyamaza mlinzi ananiuliza nakwenda wapi."

Adui wa mradi nitamtaja, maana nimemkwepa wiki nzima: spika. Ile ya dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto, ile ya vyuma chakavu na betri mbovu, zimerekodiwa mara moja na zinazunguka mtaani kwenye baiskeli, sauti ile ile asubuhi na jioni. Sina ubishi na dawa ya panya, naihitaji. Lakini spika inamfikia kila mtu kwa hiyo haimfikii mtu, unaisikia toka mitaa mitatu na hunyanyuki, maana itapita tena. Sarafu ukizisikia, mwenyewe yuko mlangoni na hatua kumi mbele atakuwa amekwisha kupita. Unakimbia na kandambili moja. Nimeona watu wazima wakikimbia na kandambili moja kufuata karanga za mia mbili, na wanarudi wanacheka. Kwenye rekodi za Kariakoo spika zimekaa juu ya kila kitu kiasi kwamba siwezi kutenganisha hata honi. Huko nitarudi mvua za vuli zikianza, nione kama maji yatasaidia.

Faili nililomwahidi fundi nimemtumia kwa WhatsApp mchana. Alitaka ikatwe pale mwanzo anapokohoa, na iwe fupi, aiweke iwe mlio wa simu. Jioni amejibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake watu wanacheka: ameiweka, imependeza, ila sasa simu ikiita anasimama na kutazama nyuma, anadhani fundi mwingine kaingia kwenye mtaa wake.